Gari Lililokwisha Kukimbia

Tuchukue kijana wa Tindiga, Kilosa. Nimemtunga mwenyewe, ingawa mafundi wa Morogoro wataapa kwamba wamewahi kumtengenezea gari. Ana miaka ishirini na kitu. Analima mpunga kwenye bonde la Mkondoa, katika ile ardhi nyeusi ambayo mvua ikizidi hugeuka ziwa na ikikosekana hupasuka nyufa za kumeza mguu. Misimu miwili imemkubali. Ameuza mpunga kwa bei nzuri, akaongezea fedha za ng'ombe wawili wa urithi, na sasa ana kiasi ambacho ukoo mzima umekwisha kukipangia kazi: bati, kisima, ada za wadogo zake, mahari. Yeye anataka gari la mbio.

Simcheki. Mbio za magari si mambo ya wageni katika nchi hii. Safari Rally ilipoanza mwaka 1953 ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mpaka leo Iringa, Tanga, Arusha na Morogoro huandaa mashindano, vumbi likitimka katikati ya mashamba na watoto wakiwa juu ya miembe. Kijana wetu alikwenda kutazama mashindano hayo Morogoro. Aliona Subaru likiingia konani kwa ubavu, likarusha kokoto, likapotea kabla sauti yake haijafika. Alirudi Kilosa kimya. Kuanzia siku hiyo simu yake ilikuwa ya magari tu.

Kutaka hakukuwa kosa. Alikosea alipoanza kuuliza maswali, maana aliuliza la mwisho kwanza.

Dalali wa Dar es Salaam alimtumia video: Subaru Impreza WRX la mwaka 1998, buluu, rimu za dhahabu, bawa nyuma, ekzosi ya kuamsha mtaa. Tabo ya kiwandani imeondolewa, imefungwa kubwa zaidi. "Hii siyo gari, mdogo wangu, hii ni ndege," alisema dalali, na bei aliyoitaja ilikuwa ya chini kiasi cha kumfanya mtu mzima ashtuke. Kijana hakushtuka. Alidhani ana bahati.

Mjomba wake alikuwa fundi wa matrekta kwenye mashamba ya mkonge ya Kimamba, sasa amestaafu. Kijana alikwenda kumuaga.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nasikia unanunua gari."

"Ndiyo, mjomba. Subaru. Ina nguvu farasi zaidi ya mia tatu."

"Ilikuwa ya nani?"

"Ya jamaa mmoja Dar. Wamefunga tabo kubwa, yaani farasi wake—"

"Farasi sijawauliza. Nimemuuliza mwenye farasi."

Kijana akatabasamu kwa adabu, akaona mzee wa matrekta atajua nini habari za tabo. Asubuhi alipanda basi peke yake.

Alipofika yadi alikuta injini inanguruma tayari, akajiona amepokelewa kwa heshima. Hapo tusimame kidogo, kwa sababu sehemu kubwa ya fedha yake ilipotea katika dakika zile. Injini ya zamani iliyopashwa moto kabla mnunuzi hajafika inaficha kitu. Ukweli wake husikika ikiwa ya baridi: unaweka kiganja juu ya boneti kuhakikisha haijawashwa tangu jana, unaiwasha mwenyewe, unasikiliza zile sekunde za mwanzo kabla oili haijasambaa. Sauti ya kugonga kwa uzito kutoka chini, hata ikipotea baada ya muda mfupi, inasema beringi za krenki zimelika. Moshi wa buluu maana yake oili inaungua. Moshi mweupe usiokoma, wenye harufu tamu, ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda. Na katika Subaru hasa, viputo vinavyopanda mfululizo kwenye tangi la maji injini ikiwa inafanya kazi hutangaza gasketi ya hedi iliyokufa kabla kipima joto hakijasema lolote.

Fundi mwenye kipimo cha kompresheni angeweza kupima silinda zote nne kabla ya chakula cha mchana. Katika injini hii silinda zimelala, mbili kila upande, na plagi zimejificha ubavuni. Kazi yenyewe inaudhi, ndiyo maana wengi huiruka. Silinda tatu zikikaribiana na ya nne ikawa chini, mazungumzo ya bei yanapaswa kuishia hapo. Mkanda wa taimingi nao hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, na ukikatika valvu hukutana na pistoni. "Umebadilishwa juzi," alisema dalali. Risiti hakuwa nayo. Mkanda usio na risiti uhesabu kuwa haujabadilishwa, na gharama yake uitoe kwenye bei papo hapo.

Bodi pia lina kumbukumbu. Magari haya mengi yalianza maisha yao Japani, na mengine yalikaa mikoa ya theluji ambako barabara humwagiwa chumvi. Kutu yake huanza chini na kwenye matao ya magurudumu ya nyuma, mahali ambapo puti na rangi mpya huificha vizuri sana. Mengine yamepata ajali. Mnada wa Japani huandika karatasi ya ukaguzi, na gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa hupewa alama ya R. Mwagizaji makini huomba karatasi hiyo. Mwenzake asiye makini huipata na kuichana. Mbaya kuliko yote ni magari yaliyounganishwa, nusu ya mbele ya moja na nusu ya nyuma ya jingine, yakachomelewa katikati chini ya zulia. Kuligundua gari la namna hiyo hakuhitaji mitambo: inua zulia, tazama boliti za mbawa kama zimewahi kuguswa na spana, linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye ukuta wa chumba cha injini na ile iliyoandikwa kwenye kadi. Kijana wetu aliinua boneti ili kutazama tabo.

Nimtetee kidogo kuhusu kutoagiza gari moja kwa moja. Magari ya mbio yanayopendwa sana Afrika Mashariki ni ya miaka ya 1990, na sheria zetu haziyapendi. Kenya hairuhusu kabisa kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane. Tanzania inaruhusu, ila TRA hutoza ushuru wa uchakavu, asilimia 30 kwa gari dogo lililozidi miaka kumi, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18. Ukifika bandarini gari la bei ya chini si la bei ya chini tena. Kwa hiyo vijana hununua yaliyokwisha kuingia zamani, yaliyokwisha kusajiliwa, yaliyokwisha kupita mikono mitano au sita. Jambo hilo lina busara yake, ila mikono hiyo sita ndiyo inayotakiwa kuchunguzwa.

Sasa tabo. Mtengenezaji wa Impreza aliipangilia injini ile ya sentimita za ujazo 1994 pamoja na tabo yake, kompyuta yake na petroli ya Japani ya daraja la juu, ambayo kwa kawaida ni ya oktani 100. Petroli ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Petroli ya oktani ndogo ikibanwa na kupashwa joto kuliko uwezo wake hulipuka kabla ya wakati, pistoni ikiwa bado inapanda, na pigo hilo hurudiwa mara elfu nyingi kwa dakika. Mifereji inayoshika ringi ndiyo huvunjika kwanza. Ukifunga tabo kubwa bila kurekebisha kompyuta, hewa huongezeka na petroli haiongezeki, joto likazidi, na muda wa injini kuishi ukapungua. Nani aliyeifunga ile tabo? Aliirekebisha kompyuta wapi, na kwa petroli ipi? Dalali hakujua. Fundi aliyefanya kazi ile, kama alikuwapo fundi, hakutajwa.

Mjini ubovu huu hauonekani. Mwenye gari hukanyaga mafuta yote kwa sekunde chache akitoka kwenye taa, kisha foleni humtuliza. Anaweza kumaliza wiki bila kuitesa injini dakika tano kamili. Mashindanoni mateso hayo ndiyo kazi yenyewe, mzunguko baada ya mzunguko. Ndiyo maana maneno "linatembea vizuri, nalitumia kila siku" hayamsaidii mtu anayetaka gari la mbio. Yanaweza kuwa ya kweli kabisa na gari likafa siku ya kwanza.

Lilikufa siku ya kwanza.

Aliomba ruhusa kwenye shamba la mkonge, akapewa njia ya vumbi inayozunguka vitalu, na marafiki wakaja na pikipiki kutazama. Mzunguko wa kwanza ulikuwa furaha tupu. Wa pili pedali ya breki ilianza kuwa laini. Watu wengi hudhani breki hushindwa kwa sababu ya pedi, na pedi zake kweli zilikuwa za kawaida, za kwenda sokoni. Lakini kilichomwangusha ni mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. Ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki mpaka nyuzi joto 230 au zaidi. Yakishanyonya maji kiwango chake kinaweza kushuka mpaka 155, na diski ya gari linalokimbizwa huvuka joto hilo bila shida. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubanwa, na mguu unasukuma hewa. Mzunguko wa tatu pedali ilikwenda mpaka sakafuni. Gari likaacha njia, likalaza safu mbili za mkonge, bua moja likasukuma bampa, feni na rejeta vikawa kitu kimoja.

Yeye alitoka mzima, na sifa ni ya mkanda na ya mkonge. Marafiki walilaumu rejeta. Lakini mjomba alipoifungua injini, chini ya mwembe, alikuta pistoni ya silinda ya nne imepasuka mferejini na beringi zimekwaruzika mpaka rangi ya shaba inaonekana. Hayo si ya siku moja. Katika kona ndefu oili hukimbilia upande mmoja, mrija wa kuivuta ukabaki hewani, na beringi zikazunguka kavu. Gari lile lilikuwa limekwisha kukimbizwa na watu wengine kabla yake, tena sana. Aliuziwa mbuzi kwenye gunia, na mbuzi mwenyewe alikuwa mgonjwa.

Vijana wakibanwa kwa hoja kama hizi hukimbilia kwa Joginder Singh, dereva wa Kenya, na wana haki. Mwaka 1965 Joginder, mzaliwa wa Kericho, pamoja na mdogo wake Jaswant, walishinda Safari wakiendesha Volvo PV544 lililotumika, gari ambalo Tom Trana, dereva wa Sweden, alikuwa ameliendesha kwenye Safari ya mwaka uliotangulia bila kushinda. Mwaka ule wa 1964 ushindi ulikwenda kwa Peter Hughes na Ford Cortina. Gari lililokwisha kupigwa na njia za Afrika Mashariki, ambalo mtu mwingine angeliona chakavu, likaja kuyashinda mapya. Je, huo si ushahidi kwamba gari la zamani la mbio linafaa?

Linafaa. Tazama tu nani alilinunua. Joginder alikulia kwenye gereji ya baba yake, alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva, na alijua gari lile limepitia nini, njia zipi, mikononi mwa nani. Historia yake ilikuwa ya wazi, kwa sababu Safari yenyewe hufanyika mbele ya macho ya watu. Tena Volvo lile lilikuwa gari rahisi na gumu. Katika mashindano hayo ugumu ulikuwa na thamani kuliko mwendo: mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho, na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Peugeot 404, gari ambalo katika miji mingi ya Afrika lilibeba abiria na magunia. Wanaomtaja Joginder husahau kwamba alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Colt Lancer, na kwamba jina lake lilijengwa kwa kufika mwisho kuliko kwa kuongoza mwanzo.

Basi angenunua nini? Mimi nina upendeleo, na msomaji auhesabu hivyo. Kwa vumbi la Kilosa ningemchagulia Impreza lile lile la miaka ya 1990 lisilo na tabo kabisa, lenye gia za mkono na magurudumu manne yanayovuta. Halimpi mtu sifa mtaani. Lakini joto lake ni dogo, petroli yetu inalitosha, spea zake zimejaa Ilala na Gerezani, na dereva anayejifunza hujifunza zaidi katika gari linalomlazimisha kuchagua mstari wake konani kuliko lile linaloficha makosa kwa nguvu. Kwa lami, kwa mfano yale mashindano ya kushindana na saa yanayofanyika Whistling Morans kule Athi River, Kenya, Toyota Altezza ni chaguo zuri: injini ya mbele, magurudumu ya nyuma yanayosukuma, hakuna tabo. Ila hapa pia kuna mtego. Altezza RS200 ina injini ya silinda nne ya 3S-GE, nguvu farasi 210 na gia sita za mkono. AS200 ina silinda sita za 1G-FE na nguvu 160. Kwa nje ni mapacha, na madalali huyauza kwa jina moja.

Halafu fedha. Kijana alitumia zote kununua, akabaki na nauli. Aliyepaswa kumshauri angemwambia anunue gari kwa nusu tu ya alichonacho. Nusu ya pili inakwenda kwenye vitu ambavyo hakuna anayevipiga picha: mafuta mapya ya breki, pedi za kustahimili joto, mipira ya rejeta, oili nzuri inayobadilishwa baada ya kila mashindano, bushi na boljointi, mkanda wa taimingi, helmeti, na tairi. Tairi zina tarehe ubavuni, tarakimu nne. 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014, na tairi ya umri huo, hata ikiwa na kashata nzima, mpira wake umekauka. Ukikuta gari lenye kizimba cha mabomba ndani usifurahi haraka. Uliza mabomba yametoka wapi. Kuna vizimba vilivyochomelewa kwa mabomba ya uzio, na gari likipinduka vitu hivyo hupindia ndani, kuelekea kichwa cha dereva.

Kuna jambo la mahali pa kukimbilia, na hapa sauti yangu itakuwa kali. Tanzania hatuna uwanja wa lami wa mbio kama wa wenzetu, na barabara kuu ya Iringa inakata Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa umbali wa kilomita 50 hivi, lami iliyonyooka. Mwenye tabo mpya huitazama akatamani. Pale kuna matuta, kuna mabango ya mwendo, kuna faini kwa atakayemgonga mnyama, na nyati hana taa za nyuma. Njia ya halali ni vilabu vilivyo chini ya Chama cha Magari Tanzania, au ruhusa ya mwenye shamba kama alivyofanya kijana wetu; katika hilo moja alikuwa na akili kuwazidi wengi wenye magari ya fedha nyingi.

Baada ya injini kufunguliwa, marafiki walimshauri anunue nyingine ya mtumba Gerezani. Mjomba alikataa: injini usiyoijua ndani ya bodi usilolijua. Wakalichambua gari lote pale chini ya mwembe. Rimu za dhahabu zilikwenda wiki ya kwanza. Giaboksi ilifuata, kisha viti, milango, taa. Tabo kubwa ilichukua miezi, na aliyeinunua ni kijana mwingine, wa Dumila, ambaye hakuuliza chochote. Jumla yake haikufika nusu ya fedha iliyotoka. Msimu uliofuata mpunga ulilipa iliyobaki.

Gari la pili walilipata kwa mwalimu aliyekuwa akihamia mkoa mwingine: Impreza jeupe, bila tabo, bila bawa, na bei iliyozidi ya dalali yeyote kwa gari la aina hiyo. Walifika saa kumi na mbili asubuhi, boneti ya baridi. Mwalimu aliwaletea daftari la kurasa za mistari, kila oili na kila pedi na tarehe yake, tangu siku alipolinunua.

"Nisiwafiche," alisema, "klachi inaelekea kuisha, na kioo cha nyuma kushoto hakishuki. Mwaka juzi liliwahi kuchemsha, rejeta ikabadilishwa, mtaona humo."

Kijana alimgeukia mjomba wake, akitarajia waombe kupunguziwa kwa ajili ya klachi.

"Mlipe mwalimu," alisema mzee. "Halafu muombe namba ya fundi wake."